Mjomba, nina besi mbili na bado nataka ya tatu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Kitangiri hapa Mwanza, nina mke na watoto pacha, Kulwa na Doto. Kazi yangu ni dagaa. Nachukua kwa wavuvi, naanika, nikishapata magunia ya kutosha napeleka Mwaloni pale Kirumba, wenye malori wanabeba. Siku za mazoezi na Jumapili napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Mwaka huu ni wa 11.

Besi ninazo mbili. Moja nilinunua mkononi kwa mtu, nyuzi nne, ndiyo ninayopigia kila siku. Ya pili, nayo nyuzi nne, ilikuwa ya kaka yangu mkubwa. Kaka alifariki miaka sita iliyopita. Imetundikwa ukutani sebuleni na sijawahi kuipeleka kanisani. Nyuzi zimeota kutu. Mama Kulwa huifuta vumbi kila Jumamosi, hajaambiwa na mtu.

Shida yangu ilianza tulipopata mpiga kinanda mpya, huu mwaka wa pili. Ni fundi kweli, lakini nyimbo zote anazipeleka kwenye ki (noti ya msingi ya wimbo) za E flati, A flati, D flati, anasema ndiko sauti za waimbaji zinakokaa. Sasa E flati ya chini mimi sina, uzi wangu wa mwisho ni E. Inabidi niitafute juu, na huko juu haina uzito. Mwalimu wa kwaya kila mara, "Besi haisikiki." Nikiongeza sauti inavuma kama lori limekwama kwenye mlima, na maneno ya waimbaji yanapotea.

Mwezi wa nane alikuja kijana mmoja anayesoma chuo kule Nyegezi, mgeni, ana besi ya nyuzi tano. Nikampisha. Siku hiyo mpiga kinanda wetu alikuwa msibani Magu, kinanda akashika dada mmoja wa sauti ya pili ambaye anajua kodi tu (zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za mkono wa kulia. Mjomba, yule kijana alipiga, kanisa likasimama. Kuna mzee wa kanisa ambaye tangu niingie kwaya hajawahi kunisemesha habari ya muziki. Siku hiyo akanishika bega akaniambia, "Leo besi imekaa." Nikacheka naye. Usiku sikulala.

Tangu hapo natafuta besi ya nyuzi tano. Nimeipata Buzuruga, Ibanez, imetumika, ile ya kuweka betri. Bei laki tisa. Nimeenda kuiangalia mara tatu. Muuzaji akaniambia kuna mteja wa Musoma anaitaka, nikaogopa, nikatanguliza laki moja na nusu. Iliyobaki anaitaka kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa nahesabu kukopa nilipie, halafu kikoba chetu kikivunjwa mwezi wa 12 nirudishe. Lakini Januari pacha wanaanza darasa la kwanza, na shule tuliyowatafutia ni ya kulipia. Mama Kulwa anaijua hesabu ya kikoba kuliko mimi. Habari ya arubuni sijamwambia. Alichowahi kusema ni siku moja tu, aliponikuta naangalia picha ya hiyo besi kwenye simu. Akauliza, "Baba Kulwa, kwani una mikono mingapi?" Akaendelea kuchambua mchele.

Jambo jingine nimejigundua. Hamu ya hii besi inanikamata zaidi wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala. Giza likirudi, kazi ikachanganya, nasahau mpaka Jumapili.

Je, ninunue? Na kama nisinunue, ile sauti ya chini nitaipata wapi? Tafadhali usiniambie niache muziki, hilo nimeshaambiwa na shemeji.

Mpiga Besi, Kitangiri

*

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa kaka. Miaka sita si mingi.

Barua yako mara ya kwanza niliisoma kama mpiga besi, na mpiga besi ukimuuliza kama besi nyingine inunuliwe, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Nikaiweka pembeni, nikanywa chai, nikaisoma tena. Safari hii nikakwama Magu.

Umeandika kwa kupita tu kwamba siku ile kijana wa Nyegezi alipolisimamisha kanisa, mpiga kinanda wenu hakuwepo, na kinanda alikishika dada anayepiga kodi za mkono wa kulia. Kisha ukaendelea na habari za mzee aliyekushika bega. Rudi kwenye huo msiba kwanza.

Sijawahi kukanyaga kanisani kwenu, lakini nathubutu kusema mpiga kinanda wenu ana mkono wa kushoto mzito. Si kosa lake. Wengi wao walikulia kwenye kwaya zisizo na besi wala drams, kinanda kimoja kikifanya kazi ya bendi nzima: ngoma za ndani ya mashine, kodi mkono wa kulia, besi mkono wa kushoto. Baadaye anahamia kwaya yenye mpiga besi, mkono wa kushoto unaendelea na kazi yake kama kawaida, na hakuna anayemwambia. Kwa hiyo kila Jumapili kwenu kuna wapiga besi wawili. Yeye yuko E flati ya chini, wewe uko E flati ya juu. Yeye anaivuta noti, wewe unaikata. Mahali anapotaka kupanda, wewe unashuka. Mwalimu anasema husikiki, unaongeza sauti, fundi mitambo naye anazungusha kitufe cha besi kwenye mixa, kinanda nacho kinapanda humo humo. Hilo ndilo lori lako, na wanaolisukuma mko watatu.

Siku ya msiba njia ilikuwa nyeupe. Kijana akapita peke yake. Simnyimi sifa zake, yawezekana anapiga vizuri kuliko mimi na wewe. Ila nakwambia hivi: siku hiyo ungekuwa wewe na nyuzi zako nne, halafu kinanda kimetulia mkono wa kulia, yule mzee angeweza kukushika bega lile lile.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye viti, ukitazama besi yake. Ningetazama hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye uzi wa tano wenyewe, maana najua bado unauota. Uzi wa E wa besi, ukiupiga wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi wa B, ule wa tano, ni kama mara 31. Spika nyingi za makanisani kwetu, hizi za inchi 12 au 15 zinazosimamishwa kwenye stendi, zikishuka chini ya mara 50 kwa sekunde zinaanza kuishiwa pumzi. Wanachosikia watu si ile sauti ya chini kabisa. Wanasikia mitetemo ya juu yake, sikio linajijazia palipobaki. Ndiyo maana besi hiyo hiyo dukani, kwenye amplifaya nzuri na chumba kidogo, inakutingisha tumbo, halafu ukiifikisha kwenye ukumbi wa bati na kuta za sementi inageuka uji. Ile Ibanez umeisikiliza Buzuruga mara tatu, kanisani kwenu hujaisikia hata mara moja.

Sitaki udhani nauonea uzi wa tano. Besi ya umeme aliyoitoa Leo Fender kule California mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi nne, na nyuzi nne zimefanya kazi kubwa duniani. Uzi wa tano ukaja kuenea miaka ya 1980, na sababu mojawapo ni hii hii inayokusumbua: vinanda vya umeme vilikuwa vimeanza kushuka chini ya E, wapiga besi wakajiona wanaachwa nyuma. Kwa hiyo hamu yako ina ukoo. Uzi wa tano una faida hata kwa mtu asiyeshuka huko chini, kwa sababu mkono unakaa sehemu moja ya shingo na kupata noti nyingi bila kukimbia. Lakini una gharama zake pia. Shingo inapanuka, nafasi ya vidole inabadilika, na ule uzi mnene unajipigia wenyewe usipoulaza kidole gumba juu yake muda wote unapopiga nyuzi nyingine. Wiki za kwanza utapiga vibaya kuliko unavyopiga leo, mbele ya mwalimu yule yule.

Anza na mpiga kinanda. Usimwambie mazoezini mbele ya soprano, watu wa kinanda wana heshima zao. Mfuate baada ya mazoezi, au nenda kwake na soda mbili. Usimwambie "unanizibia". Mwombe mjaribu wimbo mmoja tu, mkono wake wa kushoto aupandishe, aziache oktavu mbili za chini kabisa zikuhusu wewe. Mrekodi kwa simu kutoka viti vya nyuma, wimbo uleule mara mbili, kwanza kama mnavyopiga siku zote, halafu kwa namna mpya. Msikilize pamoja. Akiwa fundi kweli kama unavyosema, hutahitaji kumweleza kitu. Na wewe siku hiyo punguza noti. Tafuta nyimbo za TP OK Jazz usikilize besi ya Decca Mpudi, uhesabu mara ngapi hapigi kitu. Besi ya rumba imejengwa kwa mapengo. Sisi wa kwaya tunaogopa pengo kama vile kuna mtu atatudai.

Pili, na hili ni la bure kabisa. Umenitajia E flati, A flati na D flati. Chukua hiyo besi ya kila siku, legeza nyuzi zote nne nusu sauti. Programu ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha. E inakuwa E flati. A inakuwa A flati. D inakuwa D flati. G inakuwa G flati. Umeona kilichotokea? Ki zote tatu zinazokutesa zimegeuka nyuzi za wazi, na ile E flati ya chini unayotaka kuilipia laki tisa imekaa hapo inakusubiri. Wimbo ukiwa E flati, wewe piga kama vile ni E, vidole vyako vinajua njia. Akija mgeni na wimbo wa G, sogea freti moja (vile vyuma vya kukata shingo) juu ya pale ulipozoea. Utachanganyikiwa mazoezi mawili matatu, halafu yataisha. Nyuzi zitalegea kidogo na huenda zikagongagonga kwenye freti, kwa hiyo punguza nguvu ya mkono wa kulia. Wengi wetu tunapiga kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Na hizo nyuzi, ulibadilisha lini? Barua nzima umetaja kutu ya nyuzi za kaka, zako hujasema kitu. Mtu anayeshika dagaa mchana na besi jioni, mafuta ya dagaa yanaingia kwenye misokoto ya uzi, sauti inakufa polepole bila mwenyewe kujua. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya mazoezi. Tulipokuwa bendi, nyuzi zikiwa haba, tulizitoa tukazichemsha kwenye sufuria, uchafu unatoka, tukazikausha vizuri, zikarudi kuwa na makali kwa siku kadhaa. Ni dawa ya dharura, si maisha. Nunua seti mpya. Ukiamua kuchemsha, usitumie sufuria ya mama Kulwa.

Ukifanya hayo yote na bado ukajikuta unahitaji kwenda chini zaidi, kwenye D flati ya chini au C, basi kabla ya Buzuruga kuna ukuta wa sebuleni kwako.

Nimefikiria sana kama nikuandikie hili, na nitaliandika. Besi ya kaka inaweza kuwa ndiyo besi yako ya chini. Nunua seti ya nyuzi za besi ya nyuzi tano, ule mwembamba uweke akiba, zile nne nene zifunge kwenye besi ya kaka: B, E, A, D. Utakuwa na kila noti ya chini iliyomo kwenye ile Ibanez. Unachopoteza ni za juu kabisa, na sijawahi kusikia mwalimu wa kwaya akilalamika kwamba besi haipandi. Uzi wa B ni mnene, mara nyingi unazidi wa E kwa robo hivi, kwa hiyo ile mifereji ya kipande cha juu, pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, itabidi fundi aipanue kidogo kwa tupa ndogo. Mwambie kidogo. Kilicholiwa na tupa hakirudi. Ahakikishe pia uzi unaingia kwenye tundu la kikazio, kile cha kichwani kinachokaza uzi. Na baada ya miaka sita ukutani hapa ziwani, masika na vuli vikipita, shingo itakuwa imepinda. Ndani yake kuna chuma, kinakazwa au kulegezwa kwa kifunguo cha pembe sita, robo mzunguko, unaiacha ipumzike hadi kesho, unaangalia tena. Fundi anayezungusha mara tatu kwa mpigo mnyang'anye besi yako.

Inawezekana hutaki kuigusa. Ni haki yako, na sitakusukuma. Ila mama Kulwa ameifuta vumbi kila Jumamosi miaka yote hiyo, nawe hujui kwa nini. Muulize yeye kabla ya kumuuliza fundi.

Hapa wapiga besi wangekutajia James Jamerson wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, aliyepiga karibu kila kitu kwa besi moja ya nyuzi nne, Fender Precision ya mwaka 1962, kwa kidole kimoja, na nyuzi alikuwa habadilishi. Ni kweli. Lakini mfano huo hutumiwa sana na watu wasiotaka kununulia kwaya nyuzi. Jamerson alikuwa studio ya Detroit, waya wake ukienda moja kwa moja kwenye mitambo, na wapiga vinanda waliozoeana naye wakimwachia nafasi. Pata mpiga kinanda kama hao, ndipo tukulinganishe naye.

Tuseme umefika mwisho wa yote haya na bado mkono unaudai uzi wa tano. Basi nunua, sitakucheka. Lakini si kwa kuangalia rangi mara tatu. Nenda na waya wako mwenyewe. Ishike besi kama fundi seremala anavyopima ubao, jicho moja limefumbwa, uitazame shingo kuanzia kichwani hadi mwilini uone kama imejipinda upande. Piga kila freti ya kila uzi, moja moja, taratibu, hasa uzi wa B. Kwenye besi nyingi za bei ya kati ndipo ugonjwa ulipo, unalegea kama kamba ya kuanikia nguo na noti haieleweki ni ipi. Kwenye freti ya 12 gusa uzi juu juu utoe ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze freti hiyo hiyo. Simu ikuonyeshe noti moja. Zikitofautiana na fundi akashindwa kuzisawazisha pale kwenye daraja la besi, nyuzi zinapoishia mwilini, ondoka. Zungusha vitufe vyote usikilize mikwaruzo. Tikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Fungua kifuniko cha betri nyuma, uone kama kuna unga mweupe au kijani. Betri iliyovuja humo ndani imekula waya.

Hiyo betri ina hadithi yake. Niliwahi kuwa na besi kama hiyo, ile yenye vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti humo humo ndani, inayotaka betri ya volti 9. Nilikuwa kijana, nikaona nimeula. Tukavuka kwenda Sengerema kupiga kwenye harusi, enzi hizo ni kivuko na foleni, siyo daraja la kilomita 3 mlilofunguliwa mwaka 2025. Nilipomaliza kutyuni mchana niliacha waya umechomekwa. Sikujua kwamba kwenye besi za namna ile, waya ukiwa ndani, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Bibi harusi anaingia, wimbo uko kwenye chorasi, besi ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua, halafu kimya. Sengerema saa tano usiku, betri ya volti 9 utaitoa wapi? Nilimalizia harusi kwa gitaa la solo la mwenzangu, napiga nyuzi za chini, huku mwenyewe amekaa anakula pilau. Besi ya zamani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilikuwa nayo, mpwa wangu. Niliiacha kwa sababu niliona haya kutokea nayo.

Arubuni sasa. Nenda mchana, si jioni ya mbio, na ujumbe wa malipo kwenye simu yako ukiwa umeutafuta tayari. Mwambie ukweli kwamba hela haijatimia na hutaki kumchelewesha, kwa kuwa mteja wa Musoma yupo, amuuzie yeye, wewe akurudishie. Nina hamu ya kujua mteja huyo ataishi muda gani baada ya maneno hayo. Akirudisha yote, shukuru. Akirudisha nusu, chukua nusu. Akigoma kabisa, laki moja na nusu inauma, lakini usiongeze laki saba na nusu za mkopo ili kuiokoa hiyo. Usikubali akuazime besi kwa Jumapili moja ukaijaribu. Najua inaonekana ni busara. Ukiionja Jumapili moja na kanisa likitazama, ada ya pacha imeondoka.

Mama Kulwa unamwambia lini? Leo, kabla ya kwenda Buzuruga. Usisubiri uirudishe hela kwanza ndipo uje na habari iliyokwisha kusafishwa. Mtu anayekuuliza una mikono mingapi huku anachambua mchele ameshajua kuna kitu, anasubiri uanze wewe. Na mpe swali la kweli, siyo taarifa: mkae na hesabu ya kikoba mezani, ada ya watoto wawili, sare, madaftari, kinachobaki ni kiasi gani. Huenda kikabaki kitu. Mimi sijui nyumba yenu, yeye anaijua.

Nimalizie na mwezi. Kwa wasomaji walio mbali na ziwa: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi inalala, na mtu wa dagaa anabaki na mikono isiyo na kazi na simu yenye picha za besi. Umeliona mwenyewe, wala hukuhitaji mzee wa kukuonyesha. Basi tumia kalenda hiyo hiyo. Pitisha mbalamwezi mbili. Ya kwanza ishughulikie besi yako: nyuzi mpya, kulegeza nusu sauti, mpiga kinanda na soda zake. Kama baba na mama Kulwa mmekubaliana kuhusu ile ya ukutani, ya pili iwe ya kwake. Hamu ikikushika katikati ya giza, magunia yamekujaa mpaka mlangoni, wateja wanapiga simu, na bado unausikia uzi wa B, niandikie tena, nitakusaidia kutafuta. Ikikushika mwezi ukiwa mpevu tu, vaa besi ya kila siku ufanye mazoezi ya kukaa kimya kwenye mapengo.

Siku utakapofunga zile nyuzi nene kwenye besi ya kaka, kabla ya kitu chochote hakikisha uzi wa B kwenye freti ya tano unalingana na E ya wazi. E flati yako itakuwa moja nyuma yake, freti ya nne.

Mjomba